Eda Mbili na Banda la Kuku

Tulifika Matrah, bandari ya Maskati, katikati ya mwaka sitini na nne, mimi na Mama, na furushi moja la nguo na sufuria ambayo Mama hakukubali kuiacha melini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mtu wa forodhani alituuliza sisi watu wa nani. Nikamtajia baba yangu na kabila lake, akamwita mchukuzi, akamwambia, "Wapeleke kwa mke wake." Alisema kwa Kiarabu, na Mama, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, alijifunga kanga yake vizuri akamfuata mchukuzi bila kujua kwamba mke aliyetajwa si yeye.

Lakini habari za huyo mke alikuwa anazijua, na mimi pia. Nyumbani Unguja tulimwita Bi Mkubwa, kama watu wanavyomwita mke wa kwanza. Baba alimuoa akiwa kijana, akakaa naye miezi michache, kisha akasafiri kwenda kutafuta maisha. Alirudi mara moja, kabla mimi sijazaliwa, akamzalisha mtoto aliyekufa angali mchanga, naye Baba keshaondoka tena. Tangu hapo alikuwa akimpelekea nguo, karafuu na salamu, na kila mwaka alisema mwaka ujao nitakwenda kumuona. Mama hakuwa na wivu naye. Huwezi kumuonea wivu mtu ambaye hujawahi kuisikia sauti yake.

Baba mwenyewe hatukuwa naye. Siku zile za mapinduzi alitoka nyumbani kwenda kumtazama ndugu yake upande wa pili wa mji, hakurudi. Tulimtafuta. Waliokuwa na habari hawakutaka kusema, na waliokuwa tayari kusema walikuwa hawana habari. Mwisho tulipata nafasi katika meli, tukaondoka, na Mama akaacha maneno kwa kila jirani aliyebaki: "Akija, mwambieni tuko Maskati."

Nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa ukingoni mwa Matrah, upande wa kwendea Darsait, imeegemea mlima wa mawe meusi. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na uwanja wenye ukuta. Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kichwani kafunga kitambaa cha zambarau. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mama, kisha akaangalia nyuma yetu, njiani.

"Yuko wapi?" aliniuliza.

"Hakuja," nikasema. Kiarabu changu kilikuwa cha kuzungumza na Baba mezani, na maneno ya namna hii sikuwa nimejifunza. "Alitoka nyumbani, hakurudi. Toka wakati wa vita vile. Watu wanasema kafa."

Alisogea kando ya mlango. Halafu akatukaribisha, akatuwekea tende na kahawa, akangoja tule, tukala. Tulipomaliza aliingia chumbani kwake, na alipotoka alikuwa amevua vipuli, bangili na pete, amevaa nguo kuukuu isiyo na rangi. Akakaa juu ya mkeka, akaegemea ukuta.

"Ana nini?" Mama akaniuliza.

"Nadhani anakaa eda."

"Anamkalia eda nani?"

"Baba."

Mama akasimama. "Kaiona wapi maiti yake? Mwambie mume wangu hajafa. Mwambie!"

Nikamwambia. Bi Mkubwa hakukasirika. "Mwambie nimemngoja miaka yote hii," alisema. "Nakujua kungoja kulivyo. Safari hii si kungoja."

Shekhe wa msikiti wa jirani alimpelekea ujumbe kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari, na kwa hiyo muda wake ulikuwa umekwishapita, angeweza kutoka. Alijibu kwamba kwake yeye mumewe amekufa siku tuliyobisha hodi. Akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ukuta, hatii mafuta wala manukato.

Na Mama, katika nyumba hiyo hiyo, alikuwa mke wa mtu aliye safarini. Kila Alkhamisi alijifukiza udi. Alitia wanja. Alinituma sokoni nikamletee hina. Wanawake wa mtaa walipokuja kutoa pole walimkuta mjane mmoja amekaa mkekani na mwengine kwenye kizingiti, macho yamepakwa wanja, anatazama njia. Walinong'ona kwa Kiarabu, na mimi nikijifanya sisikii. Mmoja aliniuliza waziwazi kama mama yangu ana akili timamu. Nikasema ana akili timamu. Sikuwa na hakika.

Bi Mkubwa alikuwa na kuku. Walikuwa kuku wa kienyeji, wembamba, wa kujitafutia. Mchana walizurura vichochoroni wakila uchafu wa samaki, na jioni yeye mwenyewe alikuwa akitoka kuwakusanya, wakalala juu ya ukuta au ndani ya jiko la shimo lililopoa. Alipoingia edani hakukuwa tena na wa kuwakusanya. Mimi nilijaribu, lakini hawakunijua na walinikimbia. Paka wa Matrah ni wengi na hawana adabu. Jua lilipoanza kupungua ukali, mbweha nao wakaanza kushuka mlimani. Asubuhi tulikuta manyoya uwanjani. Bi Mkubwa aliyaangalia kutoka mkekani pake, na mimi nikayafagia.

Siku moja Mama alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akasema, "Ntawajengea banda."

Kule kwetu alikuwa na banda la kuku la kuonewa fahari, la mbao na seng'enge, lenye viota vya majani makavu na kipandio cha kulalia. Nilifurahi. Tangu tufike alikuwa hajataka kufanya kitu chochote. Nikamuuliza, "Umewaonea huruma?"

"Akija babaako," alisema, "akute tumefanya kitu. Asije akaona tulikaa tu katika nyumba ya mwenzangu tunamla."

Nduguye Bi Mkubwa alikuwa na mitende michache Darsait, akatupa ruhusa ya kuchukua fito za makuti yaliyokatwa. Tulikwenda kwa miguu, tukarudi na mizigo kichwani, na watu njiani wakitutazama. Mbulushi mmoja mvuvi, jirani yetu, alitupa wavu mkuukuu uliooza pembeni. Madebe ya mafuta ya taa tuliyakata, tukayanyoosha kwa kuyagonga na jiwe yawe ya kuezekea. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kusimamisha nguzo. Mama alichimba kwa chuma, chuma kikaruka na kumtia ganzi mkononi. Chini palikuwa mwamba mtupu.

"Ardhi gani hii," alisema, "haipokei hata kijiti."

Mwisho tukasimamisha nguzo kwa kuzizungushia mawe, lundo kwa lundo, na kuzifunga moja kwa nyengine kwa kamba za nyuzi za mtende. Mama alichagua pembe ya uwanja iliyo chini kabisa ya mlima, ambapo mwamba ungezuia upepo wa kaskazini. Bi Mkubwa aliponiona nabeba mawe kupeleka huko aliniita.

"Mwambie hapo maji hupita."

Nikamwambia Mama. Aliuangalia mwamba juu hadi chini. Ulikuwa mkavu kama mkate wa jana. "Maji gani? Toka tuje sijaona tone."

Nilimuona Bi Mkubwa anatazama mikono ya Mama ikifunga fundo, na katika uso wake mlikuwa na kitu ambacho sikukielewa siku ile. "Muulize anamjengea nani," alisema.

Sikuhitaji kuuliza. "Kuku," nikasema.

"Muulize."

Nikamuuliza. Mama alijibu bila kugeuka, "Mwambie namjengea mume wangu." Nilipotafsiri, Bi Mkubwa alivuta kitambaa chake juu ya uso, akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Baridi ilikuja. Watu wa Matrah huiita shita, na Mama alidhani itakuwa kama kipupwe cha kwetu, siku za kupendeza za kulala vizuri. Haikuwa hivyo. Mchana jua lilikuwa zuri, lakini jioni upepo ulipiga kutoka baharini na mwamba ukapoa, na sisi hatukuwa na nguo za kujikinga. Mama alijifunga kanga mbili, juu yake blanketi la sufu alilopewa na Bi Mkubwa, akatoka kila asubuhi kukagua banda lake. Vidole vyake vilipasuka. Alipofunga kamba niliona damu kwenye nyuzi.

Kila juma kulikuwa na kuharibika kwake. Mbweha alichimba upande mmoja palipokuwa na changarawe, akaingia, akaua kuku wawili akamchukua mmoja. Mama akazungushia banda lote mstari wa mawe makubwa. Upepo ukang'oa debe moja la paa. Akayakandamiza madebe yote kwa mawe. Wavu ukaoza zaidi. Akaushona kwa uzi wa gunia. Akatundika magunia upande wa baharini, na jioni alikuwa akiwatilia kijungu cha makaa, kwa mbali, wasije wakaungua. Nilimsikia akizungumza nao kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, kama mtu anayewaambia watoto walale.

Na kuku wakaanza kutaga. Tuliwalisha dagaa waliokaushwa, chakula cha mifugo yote ya huko, pamoja na kokwa za tende zilizotwangwa na kuloweshwa, kwa hiyo mayai yao yalinuka dagaa. Mama alilivunja la kwanza, akalinusa, akaliweka chini akalia. Ni mara ya kwanza nilimuona analia tangu tuondoke Unguja. Alilia kwa ajili ya yai, akasema, "Hata mayai! Hata mayai siyo!"

Bi Mkubwa alikuwa amemaliza eda yake kabla ya Ramadhani kuingia. Siku hiyo alikoga, akavaa nguo ya kijani, akatoka nje ya mlango akasimama njiani kidogo, kisha akarudi. Hapakuwa na mahali pa kwenda. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeokota mayai, na Mama hakumzuia. Jioni moja wakati wa futari alimmenyea Mama yai la kuchemsha, akalitia chumvi na pilipili manga, akamwekea sahanini. Mama akalila lote. Hawakutazamana.

Mvua ilikuja katika Ramadhani hiyo, alasiri. Tulikuwa jikoni, mimi na Bi Mkubwa. Upande wa bahari mbingu zilikuwa nyeusi, na mvua ikamwagika ghafla, kubwa, ya kuumiza. Kwa muda hapakuwa na neno ila kelele za madebe. Kisha tukasikia sauti nyengine, juu, mlimani, kama watu wengi wanaburura minyororo. Bi Mkubwa aliiacha mboga akakimbia uwanjani. Mimi nikamfuata, na nikaona maji yanashuka juu ya mwamba, ya rangi ya chai, yamebeba mawe, yanakuja moja kwa moja kwenye banda.

Mama alikuwa keshafika. Alikuwa ameikumbatia nguzo moja ya banda, maji yakimfika magotini, anapiga kelele, "Watoeni! Watoeni!" Bi Mkubwa aliufungua mlango wa fito, akaingia, akawakamata kuku kwa miguu, akanirushia mimi, wengine akawafunga ndani ya shela yake. Nilikimbia nao chumbani, nikarudi, nikakimbia tena. Tuliwatoa karibu wote. Halafu Bi Mkubwa akamshika Mama mkono.

"Iache!" alimwambia kwa Kiarabu. "Iache, utakufa! Itaanguka!"

"Siiachi!" Mama akasema kwa Kiswahili. "Siiachi, niache mie!"

Hapana aliyefahamu la mwenzake na hapana aliyehitaji kufahamu. Bi Mkubwa alimvuta mara mbili, tatu. Alipoona hasogei, aliingia majini akaikumbatia nguzo ile ile kutoka upande wa pili, na wakasimama hivyo, wanawake wawili, uso kwa uso, nguzo katikati yao, mpaka upande wa chini wa banda ukavunjika na kwenda na maji. Nguzo yao ilibaki.

Mvua ilipokatika ilikuwa bado hata magharibi haijaingia. Walikaa kwenye kizingiti, wamelowa, wanatetemeka, kuku wamejaa chumbani juu ya mkeka wa kusalia. Nilidhani sasa watakuwa dada. Nilikuwa na umri wa kudhani mambo kama hayo. Lakini Mama alisema, "Kesho ntalihamisha, ntalipandisha pale juu," na Bi Mkubwa, nilipomwambia maana yake, akanyanyuka akaenda kubadilisha nguo.

Alilijenga upya siku za mwisho za Ramadhani, amefunga, midomo imekauka. Alilipandisha karibu na mlango, mbali na mwamba, na mara hii Bi Mkubwa alimshikia fito. Siku ya Idi banda lilikuwa limekamilika. Baada ya Idi kuku mmoja akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Kesho yake walikuwa wanne. Walishusha mabawa, wakahara kijani, kisha shingo zao zikapinda zikatazama nyuma, na wakazunguka, wakazunguka mpaka wakaanguka. Mama alikijua kideri, alikuwa amekiona Unguja. Aliwatenga wagonjwa kwenye tenga, akawapa maji yenye kitunguu thomu na ndimu, akamwaga majivu sakafuni. Kila asubuhi tulikuta wengine wamekufa. Bi Mkubwa aliwatia kwenye kapu akawapeleka ufukweni, kwa sababu kuchimba hakukuwezekana. Jogoo alikufa wa mwisho. Mama alikuwa amempakata juu ya blanketi, na alipokwisha kufa aliendelea kumpakata mpaka nikamtoa mikononi mwake.

Nilidhani basi, banda limekwisha. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama anafagia ndani yake. Akalibadilisha maji bakuli la kunyweshea. Akakagua mafundo yote, moja baada ya jengine, akakaza lililolegea. Siku ya pili hivyo hivyo. Upepo ulipotoboa gunia alishona kiraka. Baridi yote iliyobaki alilitunza banda lisilo na kuku hata mmoja, kwa bidii ile ile, na makaa jioni akayatia.

"Anafagia nini?" Bi Mkubwa aliniuliza.

"Banda."

"Mwambie nitamtafutia kuku wengine. Ndugu yangu atatuletea."

Nikamwambia. Mama akasema, "Bado kwanza. Acha likae safi."

Bi Mkubwa alimwangalia. "Mimi nilikuwa nikitandika kitanda," alisema. "Miaka mingi. Kila siku nilikuwa nikikitandika kama kuna mtu atakayelala." Kisha akaniambia nisimfasirie hilo.

Mtu aliyetuletea habari alikuja baridi ikikaribia kwisha. Alikuwa jamaa wa upande wa baba yangu, amepitia Mombasa na Dubai, amekonda, meno ya mbele hana. Alimsalimia Bi Mkubwa, kisha akamfuata Mama uwanjani, ambako alikuwa amechutama kwenye banda anafunga kamba. Alimwita bi kwa heshima. Alizungumza Kiswahili, na kwa mara ya kwanza Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa akinitazama mimi ili ajue kinachosemwa.

"Bi, nimekuja kwa amana," alisema. "Nilichukuliwa na wale watu nikachimbe. Nilikuwa katika waliochimba. Nilimuona."

Mama hakugeuka. Alimaliza fundo lake. "Ulimuona yeye?"

"Yeye mwenyewe. Namjua tangu utotoni."

"Mulimvisha sanda?"

"Hapakuwa na sanda, bi."

"Mulimlaza kuelekea kibla?"

Yule mtu alitazama chini. "Tulijitahidi."

"Mulijitahidi vipi?"

"Walikuwa wengi, bi," alisema. "Walikuwa wengi mno."

Mama akaketi chini, pale pale changarawe ilipo, akanyoosha miguu mbele kama mtoto. Hakulia wala hakupiga kelele. Bi Mkubwa alikuwa keshafahamu bila ya mimi kusema neno. Alikwenda ndani, akarudi na bakuli la maji na kitambaa, akapiga magoti mbele yake. Akaukamata uso wa Mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamfuta wanja, jicho la kulia, jicho la kushoto, mpaka kitambaa kikawa cheusi. Kisha akamwambia, "Nipe mkono," na Mama, asiyejua Kiarabu, akampa. Akamvua bangili.

Kwa hiyo nyumba ile ikaingia eda ya pili. Shekhe safari hii hakuleta ujumbe. Mama alikaa mahali pale pale alipokaa mwenzake, juu ya mkeka ule ule, ameegemea ukuta, na nguo aliyovaa ilikuwa ile ile kuukuu isiyo na rangi. Bi Mkubwa alimpikia, akamletea maji ya udhu, akamfukuzia wanawake wanaozungumza sana.

Siku moja adhuhuri, mlango umefungwa kwa sababu ya joto lililokwisha kurudi, Bi Mkubwa alikuja akaketi karibu naye. Aliniambia, "Nataka kumuuliza mambo. Kama hataki, asijibu."

Mama akasema, "Naaulize."

"Alikuwa ameota mvi?"

"Ndevuni," Mama akasema. "Kichwani kidogo."

"Alinenepa?"

"Tumbo kidogo. Alikuwa akipenda mchuzi wa nazi."

"Nazi," Bi Mkubwa akarudia. Alikuwa ameona nazi labda mara chache maishani mwake. "Usingizini alikuwa akisaga meno?"

Mama alimgeukia, akamtazama vizuri. "Mpaka mwisho," akasema.

Bi Mkubwa akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa wazi kwamba hilo alikuwa amelikumbuka yeye mwenyewe na aliogopa kwamba amelibuni. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Alikuwa akinitaja?"

Mimi niliishi na baba yangu miaka kumi na saba, na sikumbuki kumsikia akimtaja isipokuwa anapofunga vifurushi vya kupeleka. Nilimfasiria Mama swali hilo, nikangoja.

"Mwambie kila Idi," Mama akasema. "Kila Idi, asubuhi, kabla hajala. Husema yule naye amekaa peke yake kule."

Nikamwambia. Bi Mkubwa aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Mama alijilaza akageukia ukuta. "N'shachoka," aliniambia. "Mwambie basi, asiniulize tena. N'shachoka kabisa." Mpaka leo sijui kama aliyoyasema yalikuwa kweli. Sikumuuliza siku ile, na baadaye hapakuwa na siku aliyokuwa wa kuulizwa.

Kwa sababu eda ilimalizika na yeye hakutoka. Tulimkogesha, tukamvisha nguo mpya, tukamfungulia mlango. Akatazama nje, akarudi mkekani. Baridi iliyofuata Bi Mkubwa alileta kuku wapya kutoka kwa nduguye, wazuri, wenye rangi, akawatia katika banda, akamshika Mama mkono akampeleka kuwaona. Mama aliwatazama kama mtu anayetazama vitu dukani visivyo vyake. "Wape maji," akaniambia, akarudi ndani.

Tangu hapo banda likawa letu sisi wawili, mimi na Bi Mkubwa. Kila mwaka joto liliposhuka tulilikaza upya, tukatundika magunia, tukapanga mawe. Nilikuwa nikifunga mafundo kama Mama alivyonionyesha na Bi Mkubwa akiyafungua na kuyafunga kwa namna yake. Tulipata mayai yanayonuka dagaa na tuliyazoea. Mama aliyala akipewa. Asipopewa hakuomba. Alizungumza kidogo kidogo, kisha kwa nadra, kisha nikawa sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Niliposwa alisema, "Kama unataka." Posa ile haikufika popote, na hilo nalo hakuliuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaa Kiarabu sasa, na kuna siku zilipita nzima sikusema neno la Kiswahili, kwa kuwa wa kusema naye alikuwa amegeukia ukuta.

Alifariki baridi ya mwaka sitini na tisa, kwa ugonjwa wa kifua. Bi Mkubwa alimwosha kwa mikono yake, akamvisha sanda, akasimama mlangoni kuwaagiza wanaume mara mbili wahakikishe kibla. Siku ile nilitaka kulia kwa sauti nikashindwa. Nilikwenda bandani nikawapa kuku maji kwa sababu ilikuwa saa yao.

Mwaka uliofuata nchi ilibadilika. Magari yakaongezeka, maofisi yakafunguliwa, na watu wetu kutoka Unguja, waliokuwa wakitazamwa kama wageni wasioalikwa, wakaanza kutafutwa kwa sababu wanajua kusoma na kuandika na wana Kiingereza. Nilipata kazi Maskati. Nilipaswa kuhamia kwa jamaa walio karibu na kazini. Nilimwambia Bi Mkubwa twende pamoja. Nilimsihi siku nyingi. Alikuwa amezeeka, goti moja halikunjiki, na baridi ilikuwa njiani.

"Nani atakukazia banda?" nikamwambia. "Nani atakubebea mawe?"

"Nenda," alisema. "Mimi nimezoea kubaki."

Alinibebea furushi mpaka mlangoni. Gari ilikuwa inangoja. Nilimbusu kichwani, nikapanda. Nilipogeuka alikuwa amekwishaingia ndani, na mlango umefungwa.